Mvua Iliyofungiwa Ndani ya Kompyuta

Kila siku saa tatu kamili asubuhi, hata kama jua limechoma tangu mwezi wa tano, Kivuva alikuwa anatoka na glasi yake ndefu ya kupimia, anafungua geti dogo la waya nyuma ya ofisi, anainua faneli ya shaba ya kipima mvua na kuchungulia ndani. Akikuta maji anayamimina kwenye glasi polepole kama dawa ya mtoto. Akikuta kumekauka anaandika sufuri. Halafu anafunga geti, anapangusa mikono kwa suruali, anaingia kazini.

Wageni wa kile kituo cha mafunzo ya wakulima, kile cha kanisa hapo karibu na Kathonzweni, walikuwa wanamcheka.

"Sasa unaandika nini na hakuna kitu?"

"Naandika kwamba hakuna kitu," anawajibu, wala hacheki nao.

Kazi hiyo aliirithi. Baba yake, Mzee Ndolo, alipewa kipima mvua na bwana shamba mwaka wa 1962, baada ya yale mafuriko makubwa, pamoja na daftari lenye jalada gumu jeusi na posho kidogo ya mwezi. Mwaka wa 1974 posho ikakatwa na hakuna aliyekuja tena kuchukua nakala. Ndolo hakuacha. Alisema mvua haijui kama posho imekatwa. Mwaka mmoja, daftari moja. Alipolala kitanda chake cha mwisho mwaka wa 1981, Kivuva akiingia na uji, mzee haulizi habari ya ng'ombe wala ya watoto. Anauliza, "Leo imesoma ngapi?"

"Sufuri, nau," Kivuva anamwambia baba yake.

"Umeandika?"

"Nimeandika."

Basi mzee anakubali uji.

Madaftari hayo hayakuwa mapambo. Mwezi wa kumi ukifika na mawingu yakianza kusogea, akina mama wa mwethya walikuwa wanakuja ofisini kwa Kivuva. Mwethya ni kile kikundi cha kusaidiana jembe kwa jembe, leo shamba la huyu, kesho la yule. Kiongozi wao, Kasyoka, mama mnene mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya mto, anakaa kwenye gunia la mbolea na kusema, "Haya, mwana wa Ndolo, tuambie." Kivuva anafungua madaftari, anapitisha kidole mwaka hadi mwaka. Halafu anasema, "Mwaka wa 1971 ulianza hivi hivi. Mvua ikakatika tarehe ishirini na tatu Novemba. Pandeni mtama na ndengu. Mahindi acheni." Nao wanaacha. Hakuwa mganga, na hakupenda mtu amwite mganga. Alikuwa amefika darasa la saba tu, karani wa stoo. Lakini watu walikula kwa sababu ya kidole chake kile.

Mwaka wa 1993 mradi mmoja wa wafadhili ulileta kompyuta. Kituo hakikuwa na stima, kwa hiyo kila siku jenereta iliwashwa saa nne, ikazimwa saa sita. Kompyuta ilikuja na mfumo wake wa kuiendesha na programu ya kuhifadhi kumbukumbu, vyote viwili vya kampuni moja ya ng'ambo, na kila mwaka mpya kampuni ilituma namba ndefu kwa mradi. Ukiiandika hiyo namba, mashine inakubali mwaka mwingine. Hakuna aliyeona ubaya wowote hapo. Hata mbwa ana leseni, walisema.

Kivuva aliipenda ile mashine kwa namna ambayo mke wake alianza kuitaja kama mke mwenza. Alifundishwa siku tatu na kijana wa mradi, mengine akajifundisha. Ilimchukua miezi minane kuingiza mvua yote, kwa vidole viwili. Miaka ya kwanza baba yake alikuwa ameandika kwa inchi, kwa hiyo kila siku ya miaka hiyo Kivuva alipiga hesabu ya kuigeuza milimita. Alipomaliza, alibonyeza kitufe kimoja na skrini ikachora mstari wa miaka thelathini na mbili, unapanda na kushuka kama vilima vya Mbooni. Alikaa akiutazama mpaka jenereta ikazimika. Tangu siku hiyo aliamini kwamba mvua ya baba yake iko mahali ambapo mchwa hawafiki.

Sasa sikiliza kosa lenyewe.

Oktoba 1996 kulikuwa na njaa. Lori la mradi lilileta mbegu za msaada kwenye magunia: ndengu, kunde na mtama. Mvua ilikuwa imenyesha jana yake usiku, udongo uko tayari, na udongo wa huku ukikupa siku mbili umekuonea huruma. Mifuko midogo ya kugawia haikuja na lori. Watu mia na zaidi wamesimama uani.

Kasyoka akanyoosha leso yake. "Mtatutilia wapi? Mkinichanganyia yote humu nitaenda kupanda githeri!"

Watu wakacheka, maana githeri ni mahindi na maharagwe ya chungu kimoja, lakini lilikuwa neno la kweli. Mtu akasema karatasi. Karatasi gani, ofisi nzima ilikuwa na ripoti mbili. Kivuva akaingia ndani akatoka amebeba madaftari meusi, thelathini na manne, mikono miwili imejaa mpaka kidevuni.

"Si ni ya baba yako hayo?" Kasyoka akamuuliza.

"Yote iko kwenye mashine, mwaitu. Mbegu haiwezi kungoja."

Alimwita mwaitu, yaani mama, kwa heshima, na daftari la kwanza alilichana yeye mwenyewe. Kurasa zikaviringwa vifuko kama vya njugu, tatu kwa kila nyumba. Siku hiyo watu walimbariki. Mpaka jioni tarafa nzima ilikuwa imepanda, na mvua ya Ndolo ilikuwa imetawanyika kila boma, imebeba mbegu.

Desemba mradi ukafunga, magari yakarudi Nairobi. Januari Kivuva akawasha kompyuta, ikaomba namba ya mwaka. Hakuwa nayo. Akaandika ya mwaka jana, ikakataa. Akaandika tena na tena, ikakataa kwa maneno yale yale, bila kuchoka na bila kukasirika. Aliandika barua kwa mradi, ikarudi na muhuri kwamba sanduku la posta limefungwa. Aliandika kwa kampuni yenyewe ng'ambo. Jibu lilichukua miezi minne. Walimshukuru. Walisema toleo lile limeachwa, wala namba zake hazitolewi tena. Anunue toleo jipya, ila toleo jipya halifungui kumbukumbu za zamani. Wakamshukuru mara ya pili.

Alikuwa ameanza kupita nyumba kwa nyumba kutafuta kurasa kabla hata jibu halijafika. Alikuwa anapiga hodi kama mtu anayekuja kuomba moto.

"Karatasi gani, Kivuva?"

"Ile ya mbegu."

"Si niliwashia jiko siku ile ile! Wewe ulitaka tuitundike ukutani?"

Mzee mmoja alikuwa ameviringia tumbaku. Wengine waliangalia chini na kusema ilikwenda chooni, mwanangu, samahani. Kwa Kasyoka alikuta ukurasa mmoja umetandikwa chini ya kuku anayeatamia, Machi 1968, nusu imeoza. Mwezi mzima wa kuzunguka alipata kurasa nne. Alizikausha juani, akazipanga mezani, akaona kwamba hata mwaka mmoja hazijazi.

Mwaka uliofuata ndipo aliposikia habari za Thuo. Huyu alikuwa kijana wa Murang'a aliyefungua duka la kompyuta Kibwezi, pale kwenye barabara ya Mombasa. Kivuva aliifunga mashine kwa blanketi akampelekea. Thuo aliiwasha, akacheka kidogo, si kwa ubaya.

"Mwalimu wa mvua, hii si kitu imeharibika. Hii ni kitu imekatazwa."

"Nani amekataza?"

"Wenyewe."

"Mimi ndiye niliandika."

"Wewe uliandika ndani ya nyumba yao, mzee wangu. Ukikosa kodi wanafunga na vyombo vyako viko ndani."

Thuo alikuwa na diski moja iliyotoka kwenye gazeti la kompyuta, imekaa drooni inakunywa vumbi. Ilikuwa na mfumo mwingine wa kuendesha mashine, unaitwa Linux, unagawiwa bure, na ndani yake maandishi yote ya walioutengeneza yako wazi, mtu yeyote asome, abadilishe, ampe jirani. Thuo mwenyewe hakuuheshimu. "Ya bure ni ya bure tu," alisema. "Lakini huu una uwezo wa kuchungulia diski ya ndani ya mashine bila kuomba namba ya mtu." Akauweka kwenye sehemu iliyokuwa tupu, ile ya zamani akaiacha bila kuigusa.

Hivyo ndivyo Kivuva alivyoanza ule ugonjwa wake wa pili. Saa mbili za jenereta kila siku alizitumia kusoma. Mfumo huo haukuwa na picha nzuri, ni maandishi meupe juu ya weusi, na ukikosea herufi moja haukuhurumii. Lakini haukumfungia mlango hata mmoja. Siku moja alifungua sehemu inayoonyesha jinsi mashine inavyohesabu saa, akakuta mtu asiyemjua ameandika pembeni kwa Kiingereza: hapa sielewi kwa nini inafanya kazi, ila inafanya, ukijua niambie. Kivuva alicheka peke yake kwa sauti. Mlinzi akaja kuchungulia, kwa sababu ulikuwa umepita mwaka hajasikika akicheka.

Alijaribu kumweleza Kasyoka alipokuja kutafuta dawa ya ng'ombe.

"Mwaitu, ni mwethya huu. Watu hawajuani, kila mmoja anakuja na jembe lake. Ukitaka kujua mwenzako amechimba fanya juu yake namna gani, ule mtaro wa kuzuia udongo, unaenda unauangalia. Hakuna anayeufunika na turubai."

"Na mvua yetu umeiona humo?"

Akamwonyesha. Faili ilikuwepo, ina jina alilolipa yeye, ina tarehe ya siku ile aliyomaliza. Akaifungua. Skrini ikajaa alama zisizo na mwanzo wala mwisho.

"Hiyo ndiyo mvua?"

"Ndiyo."

Kasyoka aliinama akaangalia kwa muda. "Hapo kuku wamekwaruza," alisema, na hakuwa anachekesha.

Oktoba 1998 ikafika. Mwaka uliotangulia mvua haikuuliza mtu, ilimwagika mpaka madaraja yakaenda, na kila aliyepanda alivuna au alizamishwa. Mwaka huu mawingu yalikuja yanasitasita. Akina mama walikuja wakakaa kwenye magunia kama zamani.

"Haya, mwana wa Ndolo. Tuambie."

Kivuva hakuwa na pa kupitisha kidole. Alijua kuna mwaka mmoja uliokuwa hivi, manyunyu siku nne halafu upepo wa mashariki. Alijua baba yake aliuandika, na yeye mwenyewe aliupiga chapa. Lakini ulikuwa 1966 au 1975? Na baada ya ule upepo, mvua ilirudi au ilikatika? Alifunga macho akatafuta. Miaka yote ilikuwa imechanganyika kama mbegu kwenye leso moja.

"Sijui," alisema.

Walingoja kidogo, wakidhani anafikiri. Halafu wakainuka mmoja mmoja wakipangusa nguo. Walipanda mahindi, kwa sababu mwaka wa nyuma mahindi yalikuwa yamewapa moyo. Yalifika magotini, yakajikunja, yakawa makaratasi. Januari Kivuva alikuwa anapita njia ya nyuma kwenda kanisani asikutane na mtu.

Alikuwa ameandika barua nyingine kabla ya hapo. Thuo aliipeleka Nairobi kwa rafiki yake mwenye barua pepe, ikatumwa kwa wale watu wa mfumo wa wazi, kwa yeyote tu. Hakutegemea jibu. Februari Thuo akamletea kurasa tatu zilizochapwa na disketi moja. Mtu mmoja wa Brazili, ambaye Kivuva hakuwahi kumsikia wala hatamwona, alikuwa ametumia juma zima kuchunguza kufuli la kampuni ile. Alieleza kila kitu kwa Kiingereza kibovu kama cha Kivuva. Alisema kumbukumbu zimevurugwa kwa kutumia namba ya siri iliyochanganywa na alama iliyofichwa kwenye diski yenyewe. Kuihamisha faili peke yake hakutasaidia. Alikuwa amemwandikia programu ndogo ya kujaribu namba moja baada ya nyingine kwenye diski hiyo. Mwisho aliandika: chochote kitakachotokea, usifute diski. Na pole kwa ajili ya baba yako.

Kivuva aliisoma barua ile amesimama. Kampuni iliyolipwa miaka mitatu ilimshukuru mara mbili. Mtu asiyemdai na asiyedaiwa alimpa juma lake.

Thuo alipiga hesabu nyuma ya bahasha. Kwa mashine ile, saa mbili za jenereta kwa siku, namba zote zingemalizika baada ya miaka mia nne.

"Inaweza kupatikana mapema," Kivuva alisema. "Haisemi lazima iwe ya mwisho."

"Mwalimu," Thuo alisema, kisha akakunja bahasha akaitia mfukoni.

Kila siku aliiwasha ile programu. Ilikuwa inaandika tu namba na neno hapana, namba na neno hapana, inateremka skrini mpaka saa sita. Alikonda. Mke wake alimwambia mvua ya zamani hailimi shamba la leo. Kivuva akamjibu ni kweli, na kesho yake akaenda tena.

Julai 1999 kamati ya kituo iliitana. Mwenyekiti, Mzee Mutie, mtu wa kanisa asiye na makuu, alikuwa amepata wafadhili wapya. Kompyuta mbili mpya zilikuwa zimefika kwenye maboksi, na Thuo ndiye aliyepewa kazi ya kuziweka. Mfumo wa kuziendesha ulikuwa ule ule wa kununua, toleo jipya, na masharti yalikuwa mawili. La kwanza, hakuna kuweka mfumo mwingine wowote. La pili, mashine ya zamani ipelekwe kwao Nairobi na diski yake, ikiwa imefutwa.

"Kivuva, mwanangu, utaanza upya," Mzee Mutie alisema. "Unaingiza mvua humu kuanzia leo. Baada ya miaka kumi tutakuwa na kitu."

"Na namba ya mwaka?"

"Watatuma."

"Wakifunga kama wale?"

"Wewe unaongea kama mtu asiye na imani."

Kivuva alisimama. Hakuwa mtu wa kuongea mikutanoni, na mikono yake haikujua pa kukaa.

"Mzee, mimi sikatai ya kununua kwa sababu ni ya kununua. Jembe langu nilinunua. Lakini mpini ulipovunjika nilikata mwingine kwenye mti, sikumwandikia mwenye kiwanda kumwomba ruhusa. Mvua ilinyesha hapa. Baba aliipima hapa. Mimi niliiandika kwa hivi vidole. Leo wa kuniruhusu niione yuko ng'ambo, na hajui kama Kathonzweni ni mlima au ni mnyama. Sitaki baraza. Hizo mpya wekeni mnachotaka. Nipeni ile diski tu. Ni kitu kama viberiti viwili vitatu."

"Iko kwenye orodha na namba yake. Nimetia sahihi."

"Basi ngojeni kidogo. Inatafuta."

"Inatafuta mpaka lini?"

Kivuva aligeukia skrini. Thuo aliangalia viatu vyake.

Kasyoka, ambaye alikaa kwa niaba ya akina mama, alikohoa. Sauti yake ya ng'ambo ya mto siku hiyo ilikuwa ndogo. "Lakini, mwana wa Ndolo. Hawa watu wa kampuni walifunga, ndiyo. Vitabu vyenyewe nani alichana?"

Hakuna aliyemkemea. Kuku alipita mlangoni akaangalia ndani akaendelea.

"Ni mimi," Kivuva alisema.

"Sisemi kwa ubaya."

"Najua, mwaitu. Ni mimi."

Mzee Mutie akamfanyia Thuo ishara ya kichwa. Thuo aliivuta mashine ya zamani, akaingiza disketi. Programu ya Mbrazili ilikuwa bado inateremka: hapana, hapana, hapana. Akaisimamisha. Aligeuka akasema, "Pole, mwalimu. Mimi ni kazi tu," halafu akabonyeza. Skrini ikauliza kama ana uhakika. Thuo akakaa kidogo na kidole hewani, kama anampa mtu nafasi ya kusema neno. Akabonyeza tena, na asilimia zikaanza kuhesabu, moja, mbili, tatu, taratibu sana.

Kivuva alitazama mpaka arobaini. Halafu akatoa mfukoni funguo za stoo na za ofisi, akaziweka juu ya boksi la kompyuta mpya, mahali ambapo hazitateleza. Akachukua koti lake kwenye msumari.

"Unaenda wapi na mkutano haujaisha?" Mzee Mutie akauliza. "Tuombe kwanza."

Alishika kofia mkononi akainama kidogo, kama mtu anayeomba ruhusa ya kwenda haja, na wote wakadhani ndivyo. Alipita uani, akapita tangi la maji, akatoka geti kubwa. Mlinzi alimwambia chai iko tayari. Akamjibu asante, hakusimama. Aliteremka na njia ya mchanga upande wa mji wa Wote, koti begani, bila haraka, na mlinzi anasema hakugeuka hata mara moja kuangalia nyuma. Ndani walingoja mpaka asilimia zikafika mia, na baada ya hapo wakangoja tena. Mwishowe Mzee Mutie aliomba bila yeye.

Hakurudi.